UZI: Kijana amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani na simu. Afungue nini mtandaoni chenye faida ya kweli?

Mwalimu wa Kata:

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hesabu, shule ya kata. Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukiisha napokea swali lilelile kutoka kwa wazazi: mwalimu, huyu kijana atakaa tu hivi mpaka lini? Swali ni la haki. Mtihani unaisha Novemba, matokeo yanatoka Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Ni zaidi ya nusu mwaka, na kijana wa miaka 16 au 17 aliyekuwa anaamshwa na kengele sasa anaamka saa nne na kushika simu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp zinazunguka orodha za tovuti hamsini, tovuti mia, eti zitabadilisha maisha ya kijana wako. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Marekani mwenye kompyuta yake na intaneti isiyokatika. Mtoto wetu anafungua mbili, haelewi inamhusu wapi, anarudi TikTok. Simlaumu hata kidogo.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: vyanzo vyenye thamani kubwa kwa kijana wa Tanzania vimewekwa mtandaoni na taasisi zetu wenyewe, bure, na karibu hakuna anayevisoma kwa sababu ni PDF ndefu zisizo na mvuto. Hivyo ndivyo vya kwanza. Vya nje vinafuata, na vichache tu vinatosha.

Naanza na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu wengi wanaijua tovuti ya NECTA siku moja kwa mwaka, siku ya matokeo. Mle ndani kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ufupisho wake CIRA, kila somo na taarifa yake. Chukua ya Fizikia au Kemia uifungue. Wanachukua swali moja moja la mtihani uliopita, wanaeleza lilikuwa linapima nini, watahiniwa asilimia ngapi walipata alama za chini, za kati na za juu, kisha wanasema kwa nini walioshindwa walishindwa. Halafu wanaweka picha ya karatasi ya mtahiniwa, mwandiko wake ule ule, aliyejibu vizuri na aliyejibu vibaya. Mwishoni kuna jedwali la mada zote limepakwa rangi: kijani kwa mada zilizofanywa vizuri, kuanzia asilimia 65, njano kwa wastani, nyekundu kwa zile zilizo chini ya 30.

Hebu fikiria faida yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeingia cha nne akikaa na jedwali hilo la miaka mitatu minne, ataona mada ambazo ni nyekundu kila mwaka. Hizo ndizo za kuanza nazo mapema, wakati wenzake wanarudia zile wanazozijua tayari. Nikiwapa wanafunzi wangu jibu bovu kutoka kwenye taarifa hizo na kuwaambia walisahihishe wao, darasa zima linaamka. Wanajiona. Wanagundua mtahiniwa alikuwa anajua kanuni, ila hakuandika kizio au hakujibu kilichoulizwa. Taarifa nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo asome na kamusi karibu. Na hiyo nayo ni faida.

Hapo hapo NECTA pakua fomati ya mtihani ya kila somo. Inaonyesha sehemu ngapi, maswali mangapi, alama zimegawanywaje. Hakuna sababu ya mtoto kuingia kwenye mtihani wa taifa bila kujua umbo lake.

Pili, Maktaba Mtandao ya TIE. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa humo bila malipo. Kwenye shule ambayo kitabu kimoja wanasoma wanne au watano, hili ni jambo kubwa kuliko tuisheni. Angalizo moja: tuko kwenye kipindi cha kubadili mtaala, ulioanza kuingia madarasani Januari 2024, kwa hiyo hakikisha kitabu unachofungua ni cha mtaala ambao kijana wako anausoma. Shule Direct, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, nalo lina notisi na maswali ya sekondari kwa kufuata mtaala wetu. Lugha yake ni nyepesi kidogo kuliko ya vitabu.

Sasa cha nje ninachokipenda kuliko vyote: PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni maabara ya kwenye skrini, na baadhi ya majaribio yake yana tafsiri ya Kiswahili. Shule nyingi za kata wanafunzi wanakutana na vifaa vya maabara wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo. Mfungulie kijana jaribio la pendulamu. Kuna kamba na uzito unaobembea, kuna rula, kuna saa ya kuhesabia. Aweke urefu wa kamba mita 1, ahesabu mibembeo 20, atapata kama sekunde 40. Apunguze urefu uwe mita 0.5, mibembeo ile ile 20 itachukua sekunde 28 na kidogo. Aongeze uzito: muda haubadiliki. Hapo ndipo macho yanapowatoka, kwa sababu wote huwa wameapa kwamba kizito kitabembea haraka zaidi. Halafu achukue urefu tano tofauti, achore grafu ya muda wa mbembeo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya urefu, atafute mwinamo, akokotoe mvutano wa dunia. Akifika kwenye 9.8 na pointi kidogo, amefanya kazi yote ya jaribio hilo akiwa amekaa kitandani. Na jaribio likishapakuliwa linafunguka bila intaneti. Ni faili moja, unaweza kumrushia mwenzako kwa Bluetooth.

Khan Academy mnaijua, siielezi sana. Nzuri kwa Hesabu, bure, ila video zinakula bando.

Sasa niende kwenye jambo linaloniumiza zaidi, uchaguzi wa kombi, yaani tahasusi, mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita.

Kijana anajaza tahasusi kwenye fomu ya Selform akiwa bado shuleni, mara nyingi kwa kufuata marafiki. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano, hufungua dirisha la kubadilisha kwa muda maalumu. Dirisha hilo wengi linawapita wakiwa usingizini. Na tangu 2024 tahasusi zimeongezeka hadi 65, kwa hiyo mjomba anayekumbuka PCM, HGL na ECA peke yake hatamsaidia sana.

Ushauri wangu: soma kwa kurudi nyuma. Pakua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinachotoka kila mwaka kwa waombaji wa shahada ya kwanza. Kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masomo yanayotakiwa, alama za chini, nafasi zilizopo na miaka ya kusoma. Kijana anasema anataka udaktari wa binadamu? Atafute kozi hiyo, ataona inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. Kisha aangalie Selform yake. Kama amejaza CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, Fizikia haimo, na mlango huo ameufunga mwenyewe akiwa na miaka 17 bila kujua. CBG ina kozi nyingine nzuri nyingi. Shida ni kuichagua ukiwa na ndoto ambayo haipo ndani yake.

Fungua pia mwongozo wa NACTVET, wa vyuo vya kati. Umetaja chuo, kozi, sifa, muda na mpaka ada. Stashahada ya utabibu inapokea mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ni miaka mitatu, na akimaliza ana taaluma mkononi na bado anaweza kuomba shahada. Kuna vijana wanalazimishwa kidato cha tano kwa sababu tu nyumbani hakuna aliyewahi kufungua kitabu hiki.

Nitaendelea na stadi na mambo ya malezi. Karibuni na maswali.

Mama Wawili:

Mwalimu, Mungu akubariki. Nina binti wa miaka 15. Simu ni yangu, ya mkopo, na bando ndio hilo la kubana. Halafu ninaogopa kumwachia. Unamwachiaje mtoto intaneti saa nzima peke yake?

Mwalimu wa Kata:

Mama, hofu yako ni ya msingi, usione aibu nayo. Mpango unaofanya kazi kwenye nyumba za hali yetu ni kupakua kwa pamoja na kusoma bila intaneti. Siku moja jioni mkae wawili, mpakue taarifa za CIRA za masomo yake, fomati za mitihani na majaribio kadhaa ya PhET. Kisha zima data. Wiki nzima ana kazi ya kufanya na bando halijaguswa. Kuna programu inaitwa Kiwix, inahifadhi Wikipedia ndani ya simu. Simu yenye nafasi ndogo chukua ya Kiswahili peke yake.

La pili, binti wa miaka 15 ana maswali ambayo hatamuuliza mama wala mimi: mwili, mapenzi, msongo, rafiki aliyemgeuka. Usipompa pa kuuliza atauliza kwa mtu mzima asiyemjua mtandaoni. Fema, jarida la Femina Hip, limekuwa likifika mashule yetu kwa miaka mingi na linazungumza na vijana bila kuwatisha wala kuwadanganya. Na aiweke kichwani namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure. Ni ya mtoto mwenyewe, hahitaji ruhusa ya mtu kuipiga. Namba hiyo niliibandika ukutani darasani kwangu.

Kijana wa PCB:

Ticha shikamoo. Kuna chaneli ya Telegram wanasema wana pepa la mwaka huu, unalipia kidogo kwanza. Wenzangu wameshatuma. Ni kweli wanakuwa nalo?

Mwalimu wa Kata:

Marahaba mwanangu. Ni wezi. Wanakusanya hela za watoto, wanatuma pepa la miaka ya nyuma lililobadilishwa tarehe, kisha wanafuta chaneli. Na tuseme lingekuwa la kweli: NECTA wakithibitisha udanganyifu wanafuta matokeo yote ya mtahiniwa. Miaka minne imekwenda. Waambie wenzako waache kutuma hela leo hii, na ujumbe wowote wa kitapeli unaoingia kwenye simu waupeleke namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kanuni ya kukusaidia mbele ya safari: kila tangazo la matokeo, uchaguzi wa kidato cha tano au mkopo, angalia mwisho wa anwani. Taasisi ya serikali ni .go.tz, chuo ni .ac.tz. Linki ya blogu inayotaka namba yako ya mtihani na namba ya simu ili "uone shule uliyopangiwa", iache. Hali kadhalika kazi ya mtandaoni inayokudai ada ya usajili kabla hujafanya kazi yenyewe.

Fundi Umeme Mbeya:

Mwalimu umesema vizuri ila uzi wote ni kidato cha tano na chuo kikuu. Sisi wa ufundi tumesahaulika kama kawaida. Mimi nilipata daraja la nne, nikaenda VETA, chuo cha ufundi stadi, leo nafunga umeme kwenye maghorofa. Vijana waambiwe kwamba VETA wana kozi ndefu na kozi fupi. Kozi ndefu huanza Januari, na fomu zinatoka miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri matokeo ya Januari ndiyo aanze kuuliza amechelewa mwaka mzima. Kozi fupi anaweza kuingia hata kipindi hicho cha kusubiri.

Na kingine, anayetaka umeme aingie tovuti ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, asome madaraja ya leseni za ufungaji umeme. Kila daraja limeandikwa sifa zake na kazi unazoruhusiwa. Mimi nilijua habari za leseni nikiwa tayari mtaani, na tenda ya kwanza kubwa ilinipita kwa sababu hiyo. Kijana akisoma mapema anajua VETA aishie Level II au asukume mpaka III.

Mwalimu wa Kata:

Fundi, asante sana, na umenikumbusha kitu muhimu. Hilo la leseni ndilo ninalolisema: chombo kinachosimamia taaluma kimeandika mtandaoni kinataka nini. Anayetaka uuguzi asome tovuti ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, anayetaka uhandisi asome ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nusu saa pale inampa kijana picha ya kazi yenyewe kuliko video ya mtu anayehamasisha.

Stadi sasa. Nimeulizwa sana inbox kuhusu kompyuta. Kama nyumbani au kwa jirani kuna kompyuta, hata ya zamani, Scratch ya MIT ni pazuri pa kuanzia: bure, ina Kiswahili, na ina toleo la kufanya kazi bila intaneti. Akishaielewa aende freeCodeCamp, nayo bure mpaka cheti. Kama kuna simu peke yake, mimi simshauri aanze na programu za kompyuta, atakata tamaa. Aanze na Kiingereza. BBC Learning English wana vipindi vya sauti vifupi na maandishi yake. Asikilize, asome, asikilize tena, kisha aandike kwa maneno yake alichoelewa na amsomee mtu. Kidato cha tano kinawaumiza wengi kwa sababu ya lugha, wala si ugumu wa somo. Na ajifunze jedwali la hesabu kwenye simu, Google Sheets. Aweke mahesabu ya genge la mama: manunuzi, mauzo, kilichobaki. Kijana akifanya hivyo mwezi mmoja atakuwa na stadi anayoweza kuionyesha kwa mtu yeyote mwenye duka.

Dada wa Kigoma:

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Mtoto sasa anatembea. Yeye anasoma uzi huu hapa pembeni yangu ananiambia haya mambo si ya kwake tena.

Mwalimu wa Kata:

Marahaba. Mwambie ni ya kwake, na umsomee maneno haya akiwa anasikia. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida. Akiona kurudi na sare ni vigumu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa sekondari kwa njia mbadala, ulioanzishwa hasa kwa wasichana kama yeye, na ina ofisi mikoani. Uliza ofisi ya mkoa wenu, na kama anwani haionekani mtandaoni nenda kwa afisa elimu ya watu wazima halmashauri. Mtihani wa mwisho ni ule ule wa NECTA. Kwa hiyo CIRA, TIE na PhET vinamhusu kama vinavyomhusu wa kidato cha nne aliyeko darasani. Anayesoma usiku mtoto akilala anavihitaji hata zaidi.

Mdogo wangu, ukikwama Hesabu au Fizikia, andika swali hapa kwenye uzi. Nitajibu.

Pwani Moja:

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya hali ni ile ile, majina ndiyo tofauti. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya walifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kila mmoja ilibidi achague njia: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi wengi walichagua shule kwa jina bila kutazama masomo inayofundisha. Ile mbinu yako ya kurudi nyuma tunaifanya kwa tovuti ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni: unafungua kozi, unaona masomo inayodai, ndipo unarudi kwa mtoto. Vitabu na vipindi viko kwenye Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya mitaala.

Mwalimu wa Kata:

Ahsante sana ndugu yangu wa Mombasa. Wazazi wa Tarime, Namanga na Holili wenye watoto wanaosoma upande wa pili, mmesikia.

Kijana wa PCB:

Ticha swali la mwisho. Nyumbani hali si nzuri. Nikifaulu kidato cha sita mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, naupataje, na kuna kitu naweza kuanza nacho sasa hivi?

Mwalimu wa Kata:

Kipo, na ni cheti cha kuzaliwa. Maombi ya mkopo yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa OLAMS, na HESLB wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Kila msimu wa maombi naona vijana wenye alama nzuri wanahangaika dakika za mwisho: cheti hakipo, au jina la kwenye cheti halifanani na la NECTA. Shuleni anaitwa hivi, kwenye cheti kuna herufi imezidi au jina la babu limechukua nafasi ya baba. Kurekebisha kunakula muda na hela.

Kwa hiyo wiki hii chukua cheti chako cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viweke mezani, linganisha herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, nenda RITA wilayani kwenu sasa, ukiwa na muda. Kama una mzazi aliyefariki, cheti cha kifo nacho kitahitajika kuhakikiwa, mwambie mlezi akitafute. Fomu ya mkopo itasainiwa na viongozi wa serikali ya mtaa na wakili, hilo litakuja baadaye.

Halafu soma mwongozo wa HESLB wa mwaka uliopita, uko kwenye tovuti yao. Tangu 2023/2024 wanatoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, kwa hiyo hata kidato cha sita kisipokwenda ulivyopanga, usikae nyumbani ukidhani hakuna njia. Ukishalinganisha majina njoo uniambie umekuta nini.